Maswali Yenu: Heka 12, nyumba tatu, na nguzo ya umeme haipo

SWALI: Shikamoo. Mimi niko Tabora mjini ila shamba ninalotaka kuuliza liko Uyui, ukiacha lami unaingia ndani kama kilomita kumi na moja hivi. Tuko watatu tumbo moja, kaka yetu mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kike anaishi Dar. Baba alipofariki tukauza nyumba ya mjini tukanunua heka 12 kwa mzee mmoja, mwenyekiti akatugongea muhuri, nia yetu kila mtu awe na nyumba yake na mama akae na mimi. Umeme hakuna, bomba hakuna. Juu kuna mawe na udongo wa mchanga, chini kule ni mbuga, masika inajaa maji. Kaka anataka nyumba zote tatu zipange mstari karibu na njia halafu tununue sola moja kubwa tugawane. Mdogo wetu anasema tuchimbe kisima kwanza na yuko tayari kutuma hela hata kesho. Mimi naona kama tunakimbilia tu. Tuanzie wapi? – Msomaji, Tabora

JIBU: Marahaba dada yangu, na poleni kwa msiba wa mzee.

Kabla sijagusa tofali nikuulize, huyo mwenyekiti aliyewagongea ni wa kijiji au wa kitongoji? Maana wa kitongoji muhuri wake kwenye mauziano ya ardhi ya kijiji ni sawa na kupiga picha ya ukumbusho. Ardhi ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iko chini ya halmashauri ya kijiji, wale wanakaa kikao wanaandika muhtasari, sio mtu mmoja na wino wake chini ya mwembe. Kwahiyo nendeni kwa mtendaji wa kijiji mkaulize huo muhtasari upo au haupo, kama haupo muanze upya wakati mzee aliyewauzia bado mzima na majirani wanaopakana naye wapo, akiondoka huyo mtaanza kuongea na watoto wake nane. Hapohapo ulizeni mpaka wa msitu wa hifadhi uko wapi, huku kwetu Tabora kuna watu wamelima miaka kumi wakaja kuambiwa mko ndani ya hifadhi bomoeni. Mkimaliza ombeni hati ya hakimiliki ya kimila, inaweza kuandikwa majina yenu yote matatu, na mama mkitaka. Msiandike jina la kaka peke yake eti kwa sababu ndiye mkubwa. Sisemi kaka ni mtu mbaya, nasema kaka ana watoto na watoto wake hawakuwepo mlipokubaliana.

Haya sasa nyumba. Mimi ningekuwa nyie maji ningechangia, umeme nisingechangia. Nitaeleza kwa nini maana najua kaka atasoma hapa atanuna.

Sisi wenyewe yalitukuta. Mimi na kaka yangu tulijenga nyumba mbili Sikonge shamba moja, tukanunua paneli kubwa, betri nne na inveta moja, ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwe wa volti 230, tukaweka kwake, waya ukaja kwangu. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa raha tupu tunaangalia mpira huku na huku. Halafu shemeji akaletewa pasi ya umeme. Pasi ni wati elfu moja, akipiga nguo za shule saa nzima asubuhi jua halijatoka ameshakula umeme ambao nyumba yangu inatumia siku mbili kwa taa na tivii, na yeye hajui, atajuaje, inveta haiongei. Ikaanza jioni taa zinazima saa mbili, kila nyumba inasema ni ile nyingine, mara watoto wako wanalala na taa, mara nyie mna subufa. Betri zenyewe zilikuwa za asidi ambazo ukizishusha chini ya nusu kila siku unaziua, na tuliziua, hazikumaliza hata miezi kumi na tano. Kununua nyingine nani atoe nusu, nani atoe robo? Tulikaa karibu mwaka tunasalimiana kwa watoto.

Sola ndogo kila nyumba yake, ukizidisha unalala giza wewe mwenyewe na hakuna wa kumlaumu. Kwa nyumba yako wewe na mama hesabu yake sio kubwa. Taa sita za wati 7 ukiwasha saa tano ni kama wati-saa 210, tivii ya inchi 32 saa tano weka 200, simu na redio weka 40, jumla 450 kwa siku. Paneli ya wati 200 kwa jua letu la Tabora, ukihesabu saa tano za jua zuri na ukatoa kama asilimia 30 ya kupotea njiani na vumbi, inakupa 700. Betri ya lithiamu ya volti 12 ya ampea-saa 100 inabeba kama 1,280, maana yake hata mawingu ya Januari yakikaa siku mbili hamlali giza. Friji ni hadithi nyingine, ile ndogo tu inaweza kula 500 peke yake, mkiitaka ongezeni paneli na betri mapema, msije mkaichomeka juu ya mfumo wa taa.

Na kuna kitu mafundi wengi hawawaambii. Ule umeme wa volti 12 hausafiri. Ukitaka kupeleka wati 240 nyumba iliyo mita 60 kwa volti 12 ni ampea 20, na kwenye waya wa kawaida wa milimita za mraba 2.5 hizo volti zote zinaishia njiani, hakuna kinachofika. Ukipitisha kwenye inveta uwe volti 230 unafika vizuri tu, ampea moja hivi, lakini sasa nyumba zote tatu zinategemea inveta moja na radi za Novemba unazijua.

Maji ndio tofauti. Maji hata mkigombana mtakunywa.

Mdogo wako wa Dar mwambie hela ashike kwanza. Tabora chini ni mwamba, ile granaiti ya kizamani, maji yanakaa kwenye nyufa, ukiukosa ufa umekosa, jirani kapata mita 50 wewe unaenda 110 unatoa vumbi, na mchimbaji anakudai hela ya mita vilevile. Kisima kirefu cha mashine kinataka savei ya mtaalamu kwanza, na kinataka kibali cha bodi ya maji ya bonde, yenu ni ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Sio kitu cha kuanza nacho. Mkishakaa misimu miwili na hela ipo, chimbeni, mpime na maji maabara.

Anzeni na bati. Mvua yetu ni kama milimita 900 na kitu kwa mwaka, karibu yote inashuka kuanzia Novemba mpaka Aprili halafu mbingu inafungwa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, rahisi hivyo. Nyumba ya mita 8 kwa 10 ni mita 80 za mraba, zidisha 900, toa moja ya tano ya kumwagika na kukauka, unabaki na lita 57,600. Nyumba tatu ni zaidi ya lita laki moja na sabini. Tatizo lenu sio mvua, tatizo ni pa kuyaweka. Kwa siku za kiangazi, tuseme 180, kama mnaokaa muda wote ni watu kumi na kila mtu lita 25, ni lita 45,000. Wa Dar wanakuja mwezi wa kumi na mbili mvua zimeshaanza, wasiwaumize kichwa.

Kwahiyo mimi ningefanya hivi, kila nyumba tangi lake la plastiki la lita 5,000 pembeni ya ukuta, na ziada yote inatiririka kwenye tangi moja la chini la kujengwa, la wote, mita 5 kwa 4 kwenda chini mita 2 na nusu, hilo ni lita 50,000. Hilo ndio mchange watatu, na hela ya mdogo wako iingie hapo. Mfuniko wa zege usiwe na mwanya hata wa mbu, mvua ya kwanza ya Novemba iacheni ipite nje ioshe bati maana vumbi la miezi sita na mavi ya ndege yako pale juu. Na tafadhali msiweke nyumba chini ya mwembe, najua sisi watu wa Tabora hatuoni nyumba bila mwembe, uacheni mita kumi na tano pembeni, majani yake yanaziba gata kila wiki.

Tangi hilo likae wapi ndio linawaambia nyumba zikae wapi, ndio maana nasema msipange mstari kwanza. Shamba lenu lina mteremko, mshukuru Mungu. Nyumba zikae juu kwenye udongo wa mchanga lakini chini kidogo ya yale mawe, tangi kubwa liwe chini ya nyumba zote tatu ili ziada ishuke yenyewe bila pampu. Pampu ndogo ya sola ya kuyarudisha juu mtanunua moja ya wote, paneli yake peke yake, haigusi betri ya mtu. Inapandisha mchana kwenye tangi dogo lililokaa kwenye mawe kule juu, mita sita juu ya bomba zenu inatosha kabisa kuoga, ndoo haitaonekana tena. Bomba lifukieni sentimita 60, msidanganyike na 20, plau la ng'ombe litalivua msimu wa kwanza.

Vyoo ni chini zaidi ya tangi na mbali nalo, mita 30 angalau, na hivyohivyo kwa kisima mkija kuchimba, kwahiyo pale mnapofikiria kuchimba siku moja pachoreni kwenye karatasi leo msije mkaweka choo cha kaka hapohapo. Ila vyoo visifike kwenye mbuga. Masika maji ya chini yanapanda, shimo linajaa, na unajua kinachofuata. Na nyumba mbuga hapana, udongo ule mweusi unavimba mvua zikinyesha na unapasuka kiangazi, ukuta wako utaugawanya katikati kama mkate. Mbuga ni mpunga.

Mstari wa kaka sasa. Anauona mstari kwa sababu ameona nyumba za vijiji vya ujamaa vya miaka ya 70, zile zilizopangwa barabarani ili gari la maendeleo lipite. Wazee wetu kabla ya hapo hawakukaa hivyo, kila kaya ilikuwa na nafasi yake, kelele za huku haziendi kule. Mimi naweka mita 40 mpaka 50 kati ya nyumba na nyumba, unasikia mtu akiita lakini husikii akigombana na mkewe. Mama awe katikati, njia yake iwe ya usawa bila ngazi, choo chake kiwe karibu kadri zile mita 30 za tangi zinavyoruhusu maana usiku ni usiku, na njia ya mkwe isipite mbele ya bafu la mama, hili nalisema kwa sababu nimeliona na halikuisha vizuri. Kiangazi mfyeke mkanda wa mita 10 kuzunguka makazi, moto wa Agosti huko miomboni hauombi ruhusa.

Halafu jengeni kwa zamu. Kwanza banda moja la kulala fundi na kuweka saruji, choo, na bati la kuvuna maji ya kujengea, hapo hamjanunua hata boza moja la maji. Saruji na nondo ziingie kabla ya Novemba, baada ya hapo lori linazama hizo kilomita kumi na moja na kulivuta ni hela ya mabati kumi. Nyumba ya mama iwe ya kwanza. Wa Dar yake iwe ya mwisho, asimame hapo aione, anaweza akabadilisha mawazo akataka shamba la mbuzi.

Kitu cha mwisho, andikeni. Njia ya kuingilia ni ya wote na haifungwi, tangi na pampu ni vya wote, anayetaka kuuza kipande chake anawauzia ndugu kwanza. Karatasi moja, mtendaji wa kijiji ashuhudie. Mkiandika leo mnapendana inachukua nusu saa.

SWALI: Habari za kazi. Niko Ilagala, Kigoma. Nina eneo linashuka mpaka ziwani. Nataka nyumba yangu iwe juu na nyingine ndogo ya kupangisha wageni iwe chini kabisa mita kama 20 kutoka kwenye maji, wageni wanapenda ziwa. Umeme wa REA upo kijijini lakini nguzo ya mwisho ni kama kilomita moja na nusu kutoka kwangu. Nisubiri au niweke sola? – Msomaji, Ilagala

JIBU: Nzuri kaka. Hiyo ya mita 20 futa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, ukijenga ndani ya hapo unaweza kuambiwa ubomoe na hutapata wa kumlalamikia. Achana na sheria hata, ziwa lenyewe halitaki. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kongo, na mlango ule ukiziba au mvua zikizidi ziwa linapanda bila haraka na linakaa juu miaka. Karne ya 19 lilipanda sana mpaka Lukuga ilipofunguka likashuka, ndio maana pale Ujiji ulipokuwa mwembe walipokutania Livingstone na Stanley 1871, leo ukisimama unaona maji yako mbali. Na hii ya kuanzia 2020 umeiona mwenyewe, waliojenga mchangani wameogelea sebuleni. Nyumba ya wageni iweke mita 70 au 80, juu kidogo, wataliona ziwa vizuri zaidi kuliko wakiwa wamelikanyaga.

Umeme, usisubiri. Kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000 kweli, lakini hiyo ni bei ya mtu aliye karibu na nguzo, sio ya kuletewa nguzo kilomita moja na nusu, na kijiji kuwa na umeme na kitongoji chako kuwa na umeme ni vitu viwili. Weka sola, ila waya za ndani ya nyumba fundi azifanye za kawaida za volti 230 na mita yake iachiwe nafasi ukutani, siku nguzo ikija unabadilisha waya mmoja tu. Nyumba ya wageni iwe na sola yake na birika la umeme usiweke, wawekee jiko la gesi. Mgeni hahurumii betri ya mtu.

SWALI: Mwangaluka. Mume wangu ana wake wawili, mimi ni mkubwa. Tumepata heka 6 huku Kaliua anataka kujenga nyumba mbili, yangu na ya mwenzangu, kisima kimoja katikati. Mwenzangu hana neno. Mimi naogopa kesho na keshokutwa. Pia nina mizinga 30 ya nyuki palepale. – Mama wa Kaliua

JIBU: Mwangaluka mama. Kisima kimoja katikati sawa, lakini nyumba zenyewe kila moja na jiko lake, ghala lake, choo chake na sola yake, na mwambie baba watoto paneli ziwe za ukubwa mmoja, wati kwa wati. Ya kwako ikiwa 200 na ya mwenzio 300 hapo mmeshaanza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wake wote wana haki sawa mbele ya mume, hakuna mkubwa wala mdogo, kwahiyo huo ukubwa wako usiutegemee sana, tegemea karatasi. Sheria hiyohiyo inasema nyumba ya ndoa mume hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mke anayekaa humo. Mkienda kuomba hati ya kimila ombeni mbili, heka tatu tatu, kila moja jina la mume na la mke wa nyumba ile, na kisima muandike ni cha pande zote mbili. Akikataa mbili, basi moja yenye majina matatu. Akikataa na hiyo, mama, usipeleke hela yako ya asali kwenye tofali.

Nyuki mimi singewaweka chini ya mita 300 kutoka kwenye nyumba, na mdomo wa mzinga uelekee porini. Kwa heka sita hazitoshi hizo mita, hamisheni mizinga kabla msingi haujachimbwa, usiku, na moshi wa kutosha. Mafundi wakishaanza kugonga mawe hamtakuwa na muda wa kuwabembeleza.